Mdogo Wangu Sista, Usimkemee Mgonjwa kwa Sababu ya Hofu Yako

Barua ya wiki hii imetoka kwa muuguzi kijana anayefanya kazi katika zahanati moja upande wa Kathonzweni, si mbali na hapa Wote. Jina lake nalihifadhi. Anasema amemaliza chuo juzijuzi, leseni anayo na kazi anaipenda. Kisha asubuhi moja akaingia kijana, utingo wa malori ya Mombasa, aliyeshukia Emali na kurudi kwao akiwa na homa na vipele usoni na viganjani. Mtu mmoja kwenye foleni akatamka "mpox", na benchi zima likabaki tupu. Mwenzake wa zamu akamfokea kijana akae nje chini ya mwembe, asiguse kitu chochote. Mwandishi wa barua alibaki mlangoni ameshika glavu, hajui aanzie wapi. Walipomaliza kuulizana wao kwa wao, kijana hayupo.

Jioni habari ikamfikia mama yake, naye akapiga simu: acha hiyo kazi mwanangu, tutakula hata ndengu. Na sasa orodha imetolewa ya wauguzi watakaoitwa kusaidia wodi ya kutengea wagonjwa ikitokea haja, na jina lake limo. Anauliza, "Dada, kwa hofu hii mimi ni muuguzi wa kweli? Na nikikataa kwenda, nitakuwa nimekosea?"

Mdogo wangu, hofu yako haikuondolei uuguzi. Anayesema hajawahi kuogopa ugonjwa wa kuambukiza, ama hajakutana nao uso kwa uso, ama anaficha. Na hofu yenyewe ina msingi. Uganda walipotangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan tarehe 30 Januari 2025, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago, mwanamume wa miaka 32, na alikuwa amekwisha kufariki siku iliyotangulia. Katika mlipuko wa mwaka 2022 ulioanzia Mubende, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 kati yao wakafa. Watu hao walikuwa wa kazi yako, wakivaa sare kama yako. Kwa hiyo mama yako haongei upuuzi, na wewe usimjibu kana kwamba anaongea upuuzi.

Lakini nimeisoma barua yako mara ya pili, na kilichoniuma ni ule mwembe. Yule kijana alikwenda wapi? Alipanda pikipiki ya nani? Alilala chumba kimoja na nani usiku ule? Kama vilikuwa vipele vya tetekuwanga, basi mmempoteza mgonjwa mmoja na heshima yenu. Kama ilikuwa mpox kweli, mmeipeleka kijijini kwa mikono yenu, bila kuandika jina wala namba ya simu. Neno kali mlangoni mwa zahanati husambaza ugonjwa sawa na mkono usiooshwa, kwa sababu aliyefokewa hatarudi, na atakayesikia habari zake hatakuja kabisa. Hili ndilo ninalotaka mlishike, wauguzi wote mnaonisoma, na hata nyinyi msio wauguzi.

Ukali huo huzaliwa na hofu, na hofu ya namna hiyo huzaliwa na kutojua. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Muuguzi anayejua ugonjwa unapitia njia gani huogopa njia hiyo tu, akaiziba, kisha akamkaribia mgonjwa. Asiyejua humwogopa mtu mzima, kuanzia pumzi yake hadi viatu vyake na kadi yake ya kliniki.

Hebu tuchukue huyo wa kwako. Mpox huenea zaidi kwa kugusana kwa karibu, ngozi kwa ngozi, na kwa kugusa majimaji ya vipele, shuka na nguo zilizochafuka. Kumpokea mtu aliye umbali wa hatua mbili, huku wewe umevaa barakoa, glavu na gauni la mikono mirefu, na yeye umempa barakoa na kipande cha kitambaa cha kufunika vipele vilivyo wazi, hakuhitaji ushujaa wa ajabu. Unahitaji chumba kimoja chenye dirisha wazi. Angalia kama tezi zimevimba shingoni, kwapani au kinenani. Tetekuwanga kwa kawaida haivimbishi hivyo. Tazama viganja na nyayo. Uliza kuhusu sehemu za siri bila kuona haya na bila kumtia haya. Kisha usijitangazie majibu: jibu hutoka maabara. Kazi yako ni kushuku mapema, kumtenga kwa heshima na kumpigia afisa wa kufuatilia magonjwa wa kaunti ndogo siku hiyohiyo.

Na msishangae mpox kufika huku kwetu. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 31 Julai 2024, dereva wa masafa marefu aliyegunduliwa katika mpaka wa Taveta. Sisi Makueni barabara ya Mombasa inatupitia ubavuni: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, hadi Mtito Andei. Lolote linalosafiri kati ya bandari na Uganda hulala kwetu usiku mmoja. Zahanati ya ndani kabisa, hata ile ya njia ya vumbi, iko jirani na barabara hiyo.

Sasa linganisha na kipindupindu. Hapo barakoa haikusaidii chochote. Mdudu hupitia kinyesi, matapishi, maji na chakula, akaingia mdomoni. Unachohitaji ni maji tiririka, sabuni, klorini, ndoo iliyo mahali pake, na mkono mwepesi wa kumrudishia mgonjwa maji mwilini. Mtu anaweza kufa kwa saa chache kwa kukaukiwa, na akihudumiwa mapema karibu kila mtu hupona, wengi wao kwa maji ya ORS peke yake. Nimewahi kuona ndugu wakisimama mbali na kitanda cha mgonjwa wa kuhara, wameziba pua kwa leso, na kikombe kiko mezani hakiguswi. Harufu haina madhara. Kikombe kile ndicho kilichokuwa dawa.

Surua ni jambo lingine kabisa, hiyo hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kati ya watu kumi wasio na kinga wanaokaa naye karibu, tisa huipata. Kifua kikuu nacho hutaka madirisha wazi na barakoa maalumu ya kuchuja hewa, na mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida, akishaanza dawa zinazofaa, kwa kawaida haambukizi tena baada ya wiki 2 hivi, ingawa mitaani humkimbia mwaka mzima. Nawaambieni haya kwa sababu wengi wetu tulijifunza chuoni kwa ajili ya mtihani, tukapita, tukasahau. Chukua daftari. Kila ugonjwa uandike ukurasa wake: unapita wapi, unaonekanaje siku za mwanzo, navaa nini, nampigia nani. Ukurasa mmoja tu. Daftari hilo litakutuliza usiku wa zamu kuliko maneno yangu.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo kila muuguzi wa Makueni na Kitui anapaswa kulijua, na nasikitika vijana wengi hawalijui. Mwaka 2004 wewe ulikuwa bado mtoto. Miezi ile ya kuanzia mwanzo wa mwaka hadi katikati, watu walianza kuja hospitalini macho ya manjano, matumbo yamejaa, wanatapika, na katika nyumba nyingine si mtu mmoja, ni mtu na ndugu yake, mama na mtoto wake. Fikiria wewe ndiye uko mapokezi. Nyumba moja, wagonjwa kadhaa, macho ya manjano. Ungesema nini? Ungesema ni homa ya ini ya kuambukiza, ungevaa glavu mbili, na ungewaambia ndugu wasimguse marehemu. Virusi vya ini vilipimwa, na havikuwa sababu. Ilikuwa mahindi. Mahindi yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu, mengi ndani ya nyumba wanamolala watu, yakaota kuvu lenye sumu ya aflatoksini, na njaa ikawalazimu watu kuyala. Waliohesabiwa kuugua katika wilaya zetu na za jirani walikuwa 317, na 125 wakafa.

Ugonjwa ulifanana na wa kuambukizana kwa sababu watu wa nyumba moja wanakula chungu kimoja. Anayemtenga mgonjwa na asimuulize "mmekula nini?" analiacha lile gunia la mahindi pale nyumbani, na waliobaki wanaendelea kupika muthokoi na isyo kutoka gunia lilelile. Tena haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1981 sumu hiyohiyo ilikuwa imeua watu Machakos. Miaka 23 ni mingi. Muuguzi aliyeanza kazi baadaye angejuaje kama hakuna aliyemsimulia? Ndiyo maana nakusimulia wewe, na wewe msimulie atakayekuja zahanati hiyo baada yako.

Kwa hiyo maarifa ya muuguzi wakati wa mlipuko huanzia kinywani, kwa maswali. Jifunze kuyasema kwa sauti ya kawaida: "Karibu, kaa hapa penye hewa. Nimevaa hivi ili nikuhudumie vizuri. Ulianza kuumwa lini? Umetoka wapi? Nani mwingine nyumbani anaumwa? Mmekula na kunywa nini?" Kama ni mama mzee, mwite mwaitu, msalimie kwanza, hata kama barakoa imekufunika uso mzima. Salamu hairushi virusi. Mtu aliyesalimiwa atakuambia safari zake zote. Aliyefokewa atakuambia ametoka shambani tu.

Sasa kuhusu kuvaa na kuvua. Wengi husomea kuvaa. Hatari kubwa iko kwenye kuvua, pale umechoka, zamu imeisha, unataka kunywa maji. Glavu huwa chafu kuliko kitu chochote ulichovaa, nawe unakaribia kuzipitisha karibu na uso. Vua polepole, kwa mpangilio uliobandikwa ukutani, mwenzako akikutazama, na unawe mikono katikati na mwishoni. Kama hakuna mpangilio ukutani, uandike wewe kwa kalamu ya wino mzito. Na sindano usiirudishie kifuniko, itupe kwenye kisanduku chake. Yambuku, Kongo, mwaka 1976, Ebola ilipojitokeza, hospitali ya misheni iliyoendeshwa na watawa ilikuwa ikitumia sindano tano tu kwa siku nzima kwa wagonjwa wa nje, na kati ya wafanyakazi wake 17, 11 walikufa. Watawa wale walikuwa watu wema na wachapakazi.

Hapo nataka nikae kidogo, maana wengi mnadhani moyo wa huruma unatosha. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini mwa Uganda. Katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, wauguzi walianza kufa mmoja baada ya mwingine, na waliobaki wakakusanyika wakiwa na hasira na majonzi, wengine wakitaka hospitali ifungwe. Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiiongoza, aliketi nao kwa saa nyingi akiwasikiliza na kuwaeleza, na wengi wakarudi wodini. Hakuwafukuza wala kuwaita waoga. Sista aliyeogopa alipewa nafasi ya kusema ameogopa, mbele ya wenzake, na baada ya hapo akaweza kufanya kazi. Lakini sikilizeni na upande wa pili. Inaaminika Daktari Lukwiya mwenyewe aliambukizwa usiku mmoja alipokimbia kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akivuja damu: alivaa barakoa, gauni na glavu, ila hakuwa amekinga macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Mtu aliyewafundisha wengine kujikinga. Mgonjwa akianguka mbele yako, miguu yako itataka kukimbia. Vaa kwanza. Hizo dakika mbili si ukatili.

Na vikikosekana vya kuvaa? Najua swali hilo liko njiani, kwa hiyo nalijibu waziwazi. Usiingie mikono mitupu ili kuonyesha moyo wa kujitolea. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutaka umripotie msimamizi wako hatari kubwa unayoiona, na mwajiri hapaswi kukulazimisha kurudi mahali pale kabla hajairekebisha. Ripoti kwa maandishi, weka nakala, taja tarehe. Desemba 2020 wauguzi wa nchi hii waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima, na mwezi huohuo tukamzika Daktari Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyekuwa amewahudumia wagonjwa wa korona Machakos bila kulipwa mshahara kwa miezi. Nikikumbuka habari ile bado najisikia vibaya. Nchi inayomwita muuguzi shujaa inapaswa kumnunulia glavu. Wewe una haki ya kudai, na kudai hakukufanyi mvivu wala mchochezi. Ila madai yapeleke kwa msimamizi, juu. Mgonjwa hakuficha glavu. Usimpokee yeye kwa hasira ya stoo tupu.

Mwenzako aliyefoka usimseme kwenye kikundi cha WhatsApp. Ni mkubwa wako kazini, na inawezekana hofu yake ni kubwa kuliko yako kwa sababu yeye ana watoto nyumbani. Ngojeni watu waishe, mketi na chai, umwambie, "Dada, yule kijana alipoondoka nilishindwa kulala. Tukipata mwingine tufanyeje?" Sema "tufanyeje". Kisha pangeni: chumba gani, nani anavaa, nani anaandika, nani anapiga simu. Mwiteni pia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho, maana yeye anaijua nyumba ya yule kijana na anaweza kwenda leo kumuuliza anaendeleaje, kwa upole, bila gari la kaunti na kelele zake.

Kwa wasomaji wengine, ninyi mlio majirani, wenye nyumba na waumini: mwaka 2020 tuliona wauguzi wakitazamwa vibaya mtaani kana kwamba wao ndio korona. Wapo waliobadilisha nguo vichakani kabla ya kufika nyumbani ili wasionekane na sare. Anayejua kunawa, kuvaa na kuvua ni salama kuketi naye kanisani kuliko yule anayekohoa na kukana. Msimwongezee muuguzi mzigo wa kutengwa.

Na ninyi wauguzi, msisahau kwamba kijiji kinawasoma nyuso. Chanjo za kwanza za korona zilipofika Machi 2021 na wahudumu wa afya wakawekwa mbele ya foleni, watu hawakumuuliza waziri kama wachanjwe. Walimuuliza sista wa zahanati yao, "wewe umechanjwa?" Ukisitasita, uliza maswali yako yote kwa anayejua, usome, upate jibu lako kabla hujasimama mbele ya akina mama wa kliniki. Na ile chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu katika miezi sita, wangapi kati yenu mmeimaliza? Najua jibu kwa jinsi mnavyoinamisha macho. Nendeni mkaimalize.

Mama yako sasa. Usimwambie "mama, usijali". Mama hujali. Mwonyeshe. Mweleze kwamba nguo za kazi hazifiki nyumbani bila kufuliwa, kwamba unaoga kabla ya kumbeba mtoto wa dada yako, kwamba ukipata homa utajitenga chumba cha nje na utasema, hutaficha. Mwambie ni ugonjwa gani unapitia wapi, kwa maneno ya nyumbani. Mama wa Ukambani aliyeipitia ile miezi ya 2004 anaelewa magonjwa vizuri sana, atakuuliza maswali magumu kuliko ya chuoni.

Na ile orodha? Nenda, mdogo wangu, lakini usiende hivihivi. Kabla ya kusaini uliza mambo haya uyapate majibu: mafunzo ya kuvaa na kuvua ni lini na nani anatusimamia, vifaa viko stoo sasa hivi au viko njiani, zamu ni ya saa ngapi na nani ananipokea, nikiugua natibiwa wapi na kwa gharama ya nani. Kama una mimba, au una ugonjwa unaodhoofisha kinga yako, sema mapema upangiwe kazi nyingine, kwa mfano kufuatilia waliokutana na wagonjwa au kupokea simu. Hiyo nayo ni kazi ya mlipuko. Wakikujibu vizuri, saini. Wasipokujibu, andika barua kwa heshima useme uko tayari siku majibu yakipatikana.

Lakini kabla ya orodha, kesho asubuhi, mtafuteni yule utingo.